Haki ya Jirani: Mti wa Nyumba ya Halmashauri Unapodhuru Upande wa Pili

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Amma baad.

Ewe ndugu msomaji, somo hili lahusu jambo ambalo watu wengi hulidharau mpaka siku linapowaangukia juu ya bati. Jambo lenyewe ni mti ulioota upande wa pili wa mpaka, katika kiwanja cha nyumba ya Halmashauri, matawi yake yakavuka, au mizizi yake ikapita chini ya ukuta, na jirani akapata khasara. Je, jirani huyo ana haki gani? Amwambie nani? Yafaa aukate mwenyewe? Na akinyamaza kwa kuwa mwenye mti ni Serikali, kunyamaza kwake ni subira, au ni kuiacha haki yake ipotee?

Tumeuchagua mji wa Kharumwa uwe mfano wetu. Mwaka 2012 ulipoanzishwa Mkoa wa Geita, Wilaya ya Nyang'hwale ilitengwa na Wilaya ya Geita, na Kharumwa ikawa makao makuu yake. Penye makao makuu pana ofisi, na penye ofisi pana watumishi, na watumishi wahitaji nyumba, na kila nyumba hupandiwa miti ya kivuli. Hivyo Halmashauri ikawa jirani wa watu. Hali hii si ya Kharumwa peke yake. Kila mji wa wilaya unayo. Basi na tuisome vyema.

MTI NI NEEMA

Kwanza yapasa kujua ya kuwa mti si adui. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Mwislamu akipanda mti, kila atakayekula katika mti ule, akiwa mtu au mnyama au ndege, huandikiwa mpandaji sadaka. Tena alitufundisha kuwa hata Kiyama kikimkuta mtu na mche mkononi, naye aweza kuupanda, na aupande.

Na watu wa Usukuma wana sababu zaidi ya kuujua uzito wa maneno hayo. Tangu miaka ya 1920, zamani za utawala wa Waingereza, misitu mingi ya nchi ya Shinyanga ilifyekwa ili kumwondoa mbung'o, mdudu aletaye malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Baadaye kilimo cha pamba kikaenea, na mifugo ikazidi, na kuni zikatafutwa mbali, nchi ikabaki wazi. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha kazi iliyoitwa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, nayo ikaendelea mpaka 2004. Wananchi walirudishia uoto hekta zaidi ya 300,000, na njia yao kubwa ilikuwa ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga sehemu ya ardhi isilishwe wala kukatwa kwa muda maalumu. Nchi iliyopata taabu hiyo kurudisha miti yake haifai kuiua ovyo.

Lakini neema ikiwekwa mahali pasipo pake hugeuka dhara. Mvua ni neema, nayo ikiingia ndani ya nyumba ni msiba. Kadhalika mti.

JINSI MTI UNAVYODHURU

Madhara ya mti kwa jirani ni ya namna tatu, na yafaa kuyajua kabla ya kushtaki, ili asishtaki mtu asilolijua.

Namna ya kwanza ni matawi. Tawi kavu, au tawi bichi lililorefuka mno, huvunjika zaidi katika dhoruba za mwanzo wa mvua, baada ya kiangazi kirefu. Mkaratusi wajulikana sana kwa kuangusha matawi, hata siku isiyo na upepo. Tawi likiangukia bati hulitoboa au hulikunja, na likimwangukia mtoto, bati si neno tena.

Namna ya pili ni majani. Watu huyaona ni uchafu tu, lakini mwenye nyumba akingaye maji ya mvua ajua taabu yake. Majani ya mjohoro au ya mwarobaini hujaa katika mfereji wa bati, yakaoza, maji yasifike katika pipa. Maji hayo hufurika yakamwagika chini ya ukuta. Na ukuta wa tofali zisizochomwa ukinyweshwa hivyo kila msimu humomonyoka tangu chini.

Namna ya tatu ni mizizi, nayo ndiyo ya siri. Mzizi haukuti bomba zima ukalitoboa. Huingia penye ufa au kiungo kilicholegea, ukifuata maji, kisha hunenepa humo ukaliziba na kulipasua. Na penye udongo mweusi wa mbuga, ambao Wasukuma waujua, iko khatari nyingine: udongo huo huvimba unapolowa na hunywea unapokauka. Mti mkubwa uliosimama karibu hunyonya maji yake wakati wa kiangazi, udongo ukanywea zaidi, msingi ukashuka upande mmoja, ukuta ukapasuka. Penye udongo wa kichanga, uitwao luseni, khatari hiyo ni ndogo.

Hata hivyo si kila ufa ni wa mti. Msingi mfupi na saruji haba hupasua kuta pasipo mti hata mmoja. Basi mwenye kushtaki na amwite fundi mwaminifu atazame kwanza, asije akamsingizia jirani.

HALMASHAURI NI JIRANI

Mwenyezi Mungu katika Sura ya Annisaa, aya ya 36, ameamrisha wema kwa wazazi, na jamaa, na mayatima, na maskini, kisha akamtaja jirani wa karibu na jirani wa mbali. Mtume (S.A.W.) naye alieleza kuwa Jibrili alimuusia juu ya jirani mpaka akadhani atamrithisha. Tena aliapa mara tatu kwamba hana imani ya kweli yule ambaye jirani yake hasalimiki na shari zake.

Huenda mtu akasema: Hayo ni ya mtu na mtu, lakini Halmashauri si mtu. Jawabu: Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 imeifanya halmashauri ya wilaya kuwa na nafsi yake mbele ya sheria. Yamiliki mali, yafanya mikataba, yashtaki na yashtakiwa kwa jina lake. Basi yule awezaye kumiliki kiwanja karibu na changu ni jirani yangu. Haki za ujirani zanilazimu mimi kwake, na zamlazimu yeye kwangu.

Na ujirani haumpi mtu ruhusa ya kudhuru kwa hoja ya kuwa mti ni wake. Abu Daud amepokea kisa cha Samura bin Jundub, aliyekuwa na mitende katika shamba la mtu wa Ansari. Samura akiingia kuitazama mitende yake, mwenye shamba na ahali zake wakaudhika. Mwenye shamba alitaka kuinunua, Samura akakataa. Akataka wabadilishane, akakataa. Walipofika kwa Mtume (S.A.W.), naye akamtaka vivyo hivyo, kisha akamtaka aitoe kwa ajili ya thawabu, akakataa. Ndipo Mtume akamhukumu Samura kuwa ni mwenye kudhuru, na akamwamuru Ansari aing'oe mitende ile. Tazama, mitende ilikuwa mali ya Samura pasipo shaka. Lakini milki yake haikumlinda alipoikataa kila njia ya sulhu.

MAS'ALA YA FIQIHI

Kama ilivyo desturi ya vitabu vya fiqihi, tumwite mwenye nyumba Zeid. Nyumba yake imepakana na nyumba ya mtumishi, na mti uko upande wa Halmashauri. Mas'ala manne yafuatayo yamtosha.

Mas'ala ya 1. Tawi la mti limevuka likawa juu ya kiwanja cha Zeid. Katika madhehebu ya Imam Shafi, yafuatwayo na Waislamu wengi wa Afrika ya Mashariki, hewa iliyo juu ya ardhi ya mtu hufuata ardhi yake. Zeid ana haki ya kumtaka mwenye mti aliondoe tawi. Akikataa, Zeid na alirudishe upande wake kwa kulikunja au kulifunga, ikiwezekana. Isipowezekana ana haki ya kulikata lile lililovuka, hata bila ya idhini ya kadhi. Akikata penye kuwezekana kukunja, au akapita mpaka, amekuwa yeye ndiye mwenye kudhuru, naye hudaiwa.

Mas'ala ya 2. Mizizi imeingia chini ya ardhi ya Zeid. Hukumu yake ni kama ya matawi.

Mas'ala ya 3. Tunda lililoanguka kwa Zeid, au tawi alilolikata, ni la nani? Ni la mwenye mti. Kuvuka mpaka hakubadili milki. Zeid asiseme kuni hizi ni malipo yangu. Na aziweke, awaarifu wenyewe, wakimruhusu ni halali yake.

Mas'ala ya 4. Mti umeanguka ukavunja nyumba ya Zeid. Je, mwenye mti atalipa? Wanazuoni walilitazama jambo la mfano wake, nalo ni ukuta ulioinama. Katika madhehebu ya Imam Abu Hanifa, mwenye ukuta akionywa mbele ya mashahidi, akapata nafasi ya kuubomoa asiubomoe, hulipa ulichokiharibu, asipoonywa, halipi. Katika madhehebu ya Imam Shafi, kauli yenye nguvu ni kuwa aliyeujenga ukuta sawasawa kisha ukainama wenyewe halipi, lakini aliyeujenga tangu mwanzo ukiinamia kwa jirani hulipa. Faida tuipatayo hapa ni kubwa: neno lililosemwa kabla ya msiba lina nguvu ambayo kilio cha baada ya msiba hakina.

SHERIA YA NCHI YASEMAJE

Wala usidhani kuwa fiqihi na sheria ya nchi zimeachana mbali katika jambo hili. Mahakama ya juu ya Uingereza iliamua mwaka 1894 kuwa mtu aweza kukata matawi ya jirani yaliyovuka mpaka, maadamu haingii katika ardhi ya jirani. Na misingi ya sheria ya Uingereza, kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, iliingizwa Tanganyika kwa kadiri ifaavyo hali ya nchi.

Na juu ya miti ya halmashauri khasa, liko shauri mashuhuri la London. Mti mkubwa wa Halmashauri ya Westminster, uliosimama kando ya njia, mizizi yake ilidhuru msingi wa majumba yaitwayo Delaware Mansions. Nyufa zilionekana mwaka 1989. Halmashauri ikaarifiwa, ikaelezwa ya kuwa mti ukiondolewa haitakuwa lazima kuchimbua msingi. Haikuuondoa. Wenye majumba wakautengeneza msingi kwa gharama ya paundi zaidi ya 570,000. Mwaka 2001 mahakama ya juu kuliko zote ikahukumu Halmashauri ilipe, kwa kuwa ilikwisha pata khabari, ikapewa nafasi ya kuzuia dhara, isilizuie. Shauri la London halimfungi hakimu wa Tanzania, lakini laweza kumwongoza. Nasi twaona humo maana ile ile ya ukuta ulioinama na mashahidi wa onyo.

MTI WA UMMA HAUUAWI KWA SIRI

Wako watu ambao wakichoka hutoka usiku wakamenya gome la mti kuzunguka shina, au wakamwaga mafuta na chumvi penye mizizi. Kitendo hiki ni haramu na tena ni ujinga.

Ni haramu, kwani mali ya Halmashauri ni mali ya watu wote, na katika hao wamo mayatima na wajane. Amwibiaye mtu mmoja aweza kumwomba radhi mtu mmoja, lakini auharibuye mti wa umma atamwomba radhi nani? Na katika sheria ya nchi, kuharibu mali kwa makusudi ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 326 cha Kanuni ya Adhabu. Ni ujinga, kwani mti uliouawa ukiwa umesimama huoza, nao ni mwepesi wa kuanguka kuliko ulio hai. Aliyeuua amejisogezea msiba wake mwenyewe.

Hata haki ya kukata tawi lililovuka na aitumie kwa adabu. Kwanza aombe kwa mwenyewe. Pili, auulize kwa Afisa Misitu, kwani miti mingine yalindwa na Sheria ya Misitu ya 2002, na halmashauri zina sheria zao ndogo. Tatu, tawi likigusa waya za umeme asilisogelee, bali awaite wenye kazi hiyo.

NAMNA YA KUSHTAKI

Kushtaki si kusengenya. Sura ya Annisaa, aya ya 148, imemtoa aliyedhulumiwa katika makatazo ya kulitaja ovu waziwazi. Na Abu Daud amepokea kisa cha mtu aliyemshtaki jirani yake kwa Mtume (S.A.W.). Mtume alimwamuru asubiri. Alipozidi kurudi, akamwambia avitoe vyombo vyake njiani. Wapita njia wakauliza, akawaeleza, nao wakamlaani jirani, hata jirani mwenyewe akaja kumsihi arudishe vyombo, akaahidi hatamuudhi tena. Katika kisa hiki mna daraja tatu: subira kwanza, kisha mashtaka kwa mwenye amri, kisha kulidhihirisha jambo mbele ya watu. Hamna matusi wala panga.

Basi Zeid na aende hivi. Amwanze mtumishi akaaye katika nyumba ile, kwa salamu na upole. Ajue kuwa mtumishi huyo ni mpangaji. Mti si wake, wala hana amri ya kuukata. Lakini aweza kufagia majani, na kuwa shahidi.

Kisha amwandikie barua Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, apitishe nakala kwa Mtendaji wa Kata. Aandike tarehe, na aina ya mti, na umbali wake toka ukutani kwa hatua, na dhara lililopatikana au linaloogopewa, na lile analoomba: kupunguzwa matawi, au kung'olewa. Atie picha. Akiipeleka masjala, aombe nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa, aitunze kama atunzavyo hati ya kiwanja. Muhuri ule ndio mashahidi wa onyo tuliowasema katika mas'ala ya nne.

Asipojibiwa, amwendee Diwani wake, kwani baraza la madiwani hukutana angaa mara moja katika kila miezi mitatu. Baraza la Kata nalo, tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, halihukumu tena mashauri ya ardhi, bali husuluhisha. Na sulhu ndiyo tunayoitafuta.

Mahakama iwe mwisho. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2020, atakaye kuishtaki halmashauri yampasa atoe notisi ya siku zisizopungua 90, na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ambaye huunganishwa katika shauri; nalo hufunguliwa Mahakama Kuu. Fikiri, ndugu yangu: siku 90 ni msimu mzima wa mvua. Aliyengoja tawi livunjike ndipo aandike, atakaa na bati lililotoboka akihesabu siku. Aliyeandika wakati wa kiangazi huenda asiihitaji mahakama kabisa.

NENO KWA WALIO KATIKA AMRI

Enyi watumishi wa halmashauri, kila mmoja wenu ni mchungaji na ataulizwa juu ya alichokichunga. Barua ya Zeid iliyo katika jalada ni onyo lililokwisha kufika, mbele ya hakimu wa dunia na mbele ya Hakimu wa mahakimu. Kumtuma mtu mmoja mwenye msumeno kabla ya mvua ni gharama ndogo. Kujenga nyumba ya mtu ni gharama kubwa, nayo hulipwa kwa fedha ya umma. Mpandapo, mkaratusi na miti jamii ya mitini isisogezwe karibu na kuta na mabomba.

Na Mtume (S.A.W.) ametueleza khabari ya mtu aliyeonekana akitembea katika neema za Peponi kwa sababu ya mti alioukata njiani, uliokuwa ukiwaudhi watu. Basi kupanda kuna thawabu, na kukata mahali pake kuna thawabu.

Naye Zeid asisahau kuitazama miembe yake mwenyewe, imevuka kwa nani.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini Halmashauri huhesabiwa kuwa jirani?
2. Ni lini Zeid ana haki ya kulikata tawi, na ni lini hudaiwa kwa kulikata?
3. Kuni za tawi lililokatwa ni za nani?
4. Onyo la kabla ya msiba lina faida gani, katika fiqihi na katika sheria ya nchi?
5. Taja daraja tatu za mashtaka zilizomo katika kisa cha vyombo njiani.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa majirani wasioogopwa na majirani zao. Wa billahi ttaufiq.